Mvule, Mninga na Shafti ya Visu

Mvule una mawe ndani yake. Pale mti ulipojeruhiwa ukiwa hai, madini ya chokaa hujikusanya na kuganda kuwa kinundu kigumu, na kinundu hicho hakionekani mpaka kisu cha mashine kikigonge. Visu vilivyonolewa asubuhi hupata pengo kabla ya adhuhuri, na kuanzia hapo kila ubao unaopita hutoka na mstari ulioinuka, mahali palepale. Fundi atasogeza kisu kimoja pembeni kidogo ili mapengo yasikutane. Hilo likishindikana, atafungua visu vyote, avipeleke kunolewa, kisha avirudishe na kuvipanga upya.

Mninga hauna mawe hayo, ila nyuzi zake hupishana: tabaka moja imelalia huku, inayofuata imelalia kule. Ubao wa namna hiyo hauna upande sahihi wa kuuingiza kwenye mashine. Kisu kinapoikuta tabaka iliyolala kinyume hunyofoa badala ya kukata, na vishimo vinavyobaki vinamla seremala msasa na muda, au anavificha upande wa chini wa meza akiomba mteja asiinamie.

Mbao hizi mbili ndizo zinazowafanya wenye karakana wa Unga Limited, Kijenge na Usa River waulizie shafti ya msokoto, ile yenye vijino vya kabidi badala ya visu virefu. Swali lao ni moja: nibadilishe shafti kwenye mashine niliyo nayo, au ninunue mashine mpya ambayo tayari imefungwa shafti hiyo? Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mashine nzito ya chuma cha kalibu, hata ikiwa na umri wa kumzidi mwenyewe, inastahili kubadilishiwa shafti hapahapa Arusha. Mashine nyepesi ya kubebeka, inunue ikiwa tayari au iache na visu vyake. Sababu yangu ni vipimo. Bei inafuata nyuma.

Tuanze na chombo chenyewe. Shafti ya kawaida hubeba visu viwili, vitatu au vinne vinavyoenea upana wote wa mashine. Shafti ya msokoto haina kisu kirefu hata kimoja. Ina vijino vya mraba, mara nyingi milimita 15 kwa 15 na unene wa milimita 2.5, kila kimoja kimekazwa kwa skrubu yake kwenye kiti chake, na mistari ya vijino hivyo inaizunguka shafti kama uzi wa skrubu. Kila kijino kina makali manne. Upande mmoja ukichakaa unalegeza skrubu, unakizungusha robo, unakaza. Shafti yenye vijino 80 ina makali 320 kabla hujanunua hata kijino kimoja kipya. Jiwe la mvule likivunja kijino, unageuza hicho tu na kazi inaendelea. Katika shafti zilizotengenezwa vizuri vijino hukaa mshazari kidogo, hivyo makali huingia kwenye mti kwa kuteleza, namna seremala anavyoipinda randa ya mkono anapokaribia kifundo.

Wanaoipinga wana hoja moja yenye uzito. Wanasema shafti ya visu vitatu hukata mara tatu kila inapozunguka, ilhali kwenye shafti ya msokoto njia moja ya ubao hupitiwa na kijino kimoja au viwili tu, hivyo uso wa ubao lazima uwe na mawimbi zaidi. Hesabu inaelekea kuwaunga mkono. Chukua mashine inayozunguka mara 5,000 kwa dakika na kuvuta ubao mita 7 kwa dakika. Visu vitatu vikikata sawasawa, wimbi moja hadi jingine ni milimita 0.47. Kikikata kimoja tu, umbali huo unakuwa milimita 1.4.

Lakini neno lenye mzigo hapo ni “sawasawa”. Kwa shafti ya kipenyo cha milimita 100, wimbi la urefu wa milimita 1.4 lina kina cha takriban milimita 0.005. Maana yake ni kwamba kisu kimoja kikiwazidi wenzake kwa kiasi hicho, alama zake peke yake ndizo zinazobaki kwenye ubao. Visu vingine viwili vinapunguza unene, vinasaidia mota, lakini sura ya ubao haviigusi. Unywele wa binadamu una unene wa mara kumi na zaidi ya kipimo hicho. Fundi anayepanga visu kwa kipande cha ubao kilichonyooka, akisikiliza kisu kinavyokiburuta, anafanya kazi ya heshima, na bado hafikii usawa huo. Mashine nyingi za visu vitatu tulizo nazo zinamaliza ubao kwa kisu kimoja, na wenyewe hawajui. Kwa hiyo anayehamia shafti ya msokoto hapotezi kile anachodhani alikuwa nacho. Anachopata ni makali ya mshazari, maranda mafupi na mninga usionyofoka.

Hesabu hiyohiyo inakionya kiwanda pia. Ikiwa kiti kimoja cha kijino kimechongwa juu kuliko jirani yake, ubao utatoka na mistari myembamba kwa urefu wote. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaotaka shafti ya aina hii itengenezwe kwa fundi kerezo wa mtaani. Arusha ina mafundi hodari wa chuma. Chuo cha Ufundi kipo tangu 1978 na TEMDO, shirika la kubuni mitambo, ilianzishwa 1980. Kuchonga shafti ya mviringo na kuweka mahali pa beringi ni kazi inayowezekana kabisa mjini humu. Kuchonga viti 80 kwenye msokoto, vyote kwa kimo kimoja na pembe moja, kisha kuisawazisha shafti izunguke mara 5,000 kwa dakika bila kutetema, ni kazi ya mashine zinazoongozwa na kompyuta. Na kuchomelea vijino kwenye bomba ni kumwandalia mtu jeneza. Kijino cha ukubwa nilioutaja kina uzito wa gramu saba au nane hivi, na kwa mwendo huo kinavutwa kwenda nje kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 10.

Basi shafti inunuliwe. Kazi ya nyumbani ni kuifunga, na kazi hiyo inaanza kabla ya kuagiza, kwa kalipa mkononi.

Kipimo cha kwanza ni urefu wa shafti kati ya bega na bega, kisha kipenyo cha kila ncha inapokaa beringi, upande wa puli, njia ya ufunguo wake na uzi wa nati. Hapa mashine za zamani huleta matatizo. Mashine ya Kiingereza, tuseme Wadkin ya Leicester, ilipimwa kwa inchi. Ncha ya inchi moja ni milimita 25.4, na beringi ya milimita 25 unayoikuta kwenye kila duka la vipuri haiingii. Anayelazimisha kwa nyundo huipasua. Anayeamua kuipunguza ncha kwenye kerezo anafanya jambo sahihi, ila ajue amebadilisha mashine moja kwa moja, na aandike kipimo kipya pembeni mwa mashine kwa ajili ya fundi atakayekuja baadaye.

Kipimo cha pili ndicho kinachosahaulika, nacho ni duara la makali: duara linalochorwa na ncha za visu shafti inapozunguka. Kila kitu ndani ya thiknesa, mashine inayosawazisha unene wa ubao, kimepangwa kwa kulitazama duara hilo. Roli ya kuvuta iliyo mbele huwa chini yake kwa nusu milimita au zaidi kidogo, kivunja maranda kiko karibu nalo, na baa ya kukandamiza iliyo nyuma iko nalo sawa. Shafti mpya ikiwa na duara dogo kwa milimita 1, roli zitakamata ubao na vijino havitaufikia ipasavyo, ubao utaliwa kwenye ncha zake, na mwenye mashine atailaani shafti isiyo na kosa. Duara likiwa kubwa ni hatari zaidi, kwa sababu vijino vinaweza kugonga kivunja maranda. Kama mashine ni ile ya pamoja, yenye meza ya kunyoosha juu na thiknesa chini, meza ya nyuma nayo lazima irudishwe iwe sawa na duara jipya, la sivyo hakuna ubao utakaonyooka.

Kung'oa shafti ya zamani kunahitaji pula. Nyundo haina kazi hapo, labda ya mbao. Kuweka beringi mpya kunahitaji joto: beringi ipashwe hadi karibu nyuzi 100 za Selsiasi, kwenye mafuta safi au juu ya hita, isizidi 120, kisha itelezeshwe mahali pake kwa kusukuma duara la ndani tu. Ukisukuma duara la nje, nguvu yote inapita kwenye gololi na kuacha vijidoa kwenye njia zake. Beringi itazunguka, itapita majaribio, na baada ya wiki chache italia. Mafundi wengi husema beringi za siku hizi ni feki, na feki zipo kweli sokoni. Lakini nyingi zimeuawa siku zilipofungwa.

Shafti ikishakaa, iwekewe saa ya kupimia yenye mgawanyo wa milimita 0.01, izungushwe kwa mkono, na isomwe katikati na kwenye ncha zote mbili. Kisha vijino. Wauzaji huvileta vikiwa vimefungwa, na fundi mwenye haraka huviamini. Ushauri wangu ni kuvifungua vyote, kimoja baada ya kingine, kupangusa kiti na mgongo wa kijino kwa kitambaa chenye spiriti, na kukaza kwa spana ya toki. Byrd, kampuni ya Marekani iliyozoesha watu shafti hizi, hupendekeza kama newtonmita 5 hadi 6. Chembe ya vumbi chini ya kijino hukiinua, na kwa hesabu tuliyofanya juu unajua chembe hiyo itaandika nini kwenye ubao. Mbaya zaidi, kabidi ni ngumu lakini ni kavu kama kioo: ikikazwa juu ya chembe, hupasuka. Kazi hii ya vijino 80 inachosha mikono na macho. Ifanywe mchana, na anayeifanya asiitwe kupokea wateja.

Mpaka hapa msomaji anaona kwa nini nasema mashine nzito inastahili. Gharama ya shafti inaingia kwenye fremu ambayo haitachoka. Chuma cha kalibu cha miaka 40 kimeshatulia, meza zake hazipindi, mota yake ya fezi tatu ina nguvu ya kutosha, na kila kitu kinafunguka kwa spana za kawaida. Na kama mashine hiyo bado ina ile shafti ya kale ya pembe nne, mjadala wa gharama haupo tena. Shafti ya pembe nne huacha uwazi mkubwa kati yake na meza, mkono ukiteleza unavutwa wote. Uingereza ilidai shafti za mviringo kwenye mashine za kunyooshea kwa kanuni za mwaka 1922. Sisi tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na mashine ya namna hiyo haipaswi kuwashwa na mtoto wa mtu.

Mashine ndogo ya kubebeka ni habari nyingine. Mfano unaojulikana ni DeWalt DW735, yenye upana wa inchi 13, visu vitatu na shafti inayozunguka mara 10,000 kwa dakika. Shafti ya msokoto inayotengenezwa kwa ajili yake hugharimu sehemu kubwa ya bei ya mashine nzima. Kuifunga kunataka kufungua karibu upande mzima, kung'oa mnyororo, gia na puli zilizobanwa penye nafasi finyu, juu ya fremu ya aluminiamu isiyopenda kulazimishwa. Ukimaliza, mota ni ileile. Hapa niseme jambo ambalo wauzaji hulipita haraka: shafti ya msokoto haipunguzi mzigo wa mota katika kila hali. Kisu kirefu hugonga na kuachia. Vijino viko ndani ya mti wakati wote. Kwenye ubao mpana wa mninga, mota ndogo italemewa mapema kuliko ulivyozoea, na itabidi ukate milimita moja au pungufu kila mpito. Kwa mashine hizi, tofauti ya bei kati ya iliyofungwa kiwandani na isiyofungwa ikiwa ndogo, chukua iliyofungwa. Ikiwa kubwa, baki na visu na ununue seti mbili.

Kuna pia mashine zinazokuja kwa kontena kutoka kwa ndugu walioko Marekani. Hizi zitazamwe kibati cha mota kabla ya kitu kingine. DW735 ya huko inataka volti 120, na kwa kuwa mota yake ni ya brashi, transfoma yenye uwezo wa kutosha inamaliza tatizo. Lakini mashine kubwa yenye mota ya induksheni iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikiletwa kwenye umeme wa TANESCO wa hezi 50 hupungua mwendo kwa moja ya sita. Shafti iliyokuwa ikizunguka mara 5,000 inazunguka takriban mara 4,170, mawimbi kwenye ubao yanarefuka, na mwenye mashine anaanza kutafuta shafti mpya. Anachohitaji ni puli kubwa zaidi kwenye mota, kazi ya fundi kerezo ya siku moja.

Kwa mwenye kununua mashine mpya na kubwa, iliyofungwa shafti kiwandani ina faida za kweli. Kivunja maranda na baa ya kukandamiza vimepangwa kwa duara la shafti hiyohiyo, shafti imesawazishwa pamoja na puli yake, dhamana haijavunjwa, na hakuna siku ambazo karakana imelala mashine ikiwa vipande vipande mezani. Faida hizo zina thamani. Kasoro moja inaweza kuzifuta zote: vijino visivyo vya kipimo cha kawaida. Baadhi ya mashine za bei nafuu huja na vijino vya mraba mdogo zaidi, tundu la kipenyo chake pekee, au kona zenye mviringo wa aina yake. Siku vitakapokwisha, Arusha haitakuwa navyo, na huenda Nairobi na Dar es Salaam pia. Barabara ya Namanga ni nzuri na mpaka unapitika, lakini hakuna anayeweza kuvuka mpaka kufuata kitu kisichokuwepo. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akufungulie kijino kimoja, ukipime kwa kalipa, uandike. Kisha ulizia bei ya pakiti moja madukani kama vile mashine unayo tayari. Asiyekubali kufungua kijino kimoja mbele yako, mwachie mashine yake.

Na wapo ambao hawahitaji kitu hiki. Karakana inayoranda saiprasi na paini kutoka Shamba la Miti Meru/Usa, kwa ajili ya kenchi, fremu na dari, itaendelea vizuri kwa visu vya chuma cha haispidi. Mbao hizo ni laini, nyuzi zimenyooka, na tatizo lake ni vifundo na utomvu. Utomvu huganda kwenye vijino pia, na kuosha kijino kimoja kimoja ni kazi kubwa kuliko kufuta visu vitatu. Kwa karakana hiyo fedha iende kwenye kunoa vizuri. Visu vya seti moja viwe na uzito mmoja: tofauti ya gramu 2 tu, kwenye shafti ya milimita 100 kwa mwendo wa mara 5,000, huzaa mtikisiko wa karibu newtoni 27, sawa na kilo 2.8 hivi zinazovuta huku na huku mara 83 kila sekunde. Mji wenye mizani nyingi za kupimia vito hauna sababu ya kuacha visu vyake bila kupimwa. Chuo cha Viwanda vya Misitu cha Moshi kimefundisha unoaji wa misumeno na visu kwa miongo, na vijana waliopita pale wanastahili kulipwa zaidi ya wanavyolipwa.

Mgrevilea uko katikati, na ndio mti wa Meru kwa sasa. Umeota kwenye mipaka ya mashamba na katikati ya kahawa kuanzia Tengeru kupanda juu, unapasuliwa kwa msumeno wa mnyororo shambani, na mbao zake hufika zikiwa na unene usiolingana na mchanga wa volkano umejaa kwenye uso wake. Mchanga huo hula haispidi haraka sana. Zaidi ya hapo, ubao wa mgrevilea uliopasuliwa kuelekea kiini una mabaka yanayong'aa ambayo wateja huyapenda, na mabaka hayohayo hunyofoka chini ya kisu kilichochoka. Anayeuchukulia mgrevilea kama mbao ya boksi abaki na visu. Anayetengeneza kabati na meza za kuuza kwa bei nzuri ana sababu ya kutosha kuhamia kabidi, na vyovyote atakavyochagua, azipige mbao brashi ya waya kabla hazijaingia kwenye mashine.

Yapo mabadiliko mengine madogo. Sauti hushuka kwa kiasi kinachosikika, kwa sababu kisu kirefu kinapopita mdomo wa meza hubana hewa yote kwa mara moja, na hapo ndipo mluzi unapotoka. Majirani wa Unga Limited, ambako nyumba na karakana zimegusana kuta, watashukuru. Maranda nayo hubadilika, yanakuwa mafupi na mazito, bomba la kufyonzea halizibi kirahisi. Wafugaji wa kuku waliozoea kuyachukua huenda wakalalamikia vumbi.

Baada ya kufunga shafti mpya, ile ya zamani isiuzwe kwa wanunua chuma chakavu. Ipakwe grisi, ifungwe kwenye gunia pamoja na beringi zake na visu vyake, na iandikwe tarehe. Vijino vikikosekana sokoni kwa miezi miwili, kazi ya siku moja inairudisha mashine kazini, na oda ya madawati ya shule haingojei meli.